Majilio na Noeli na watoto wadogo (miaka 2 hadi 8): shada, hori, pango na Misa. Tupange kabla ya 29 Novemba

#1 Kandili
Tumsifu Yesu Kristo, wakuu.

Mwaka huu Majilio, kipindi cha kungoja Noeli, yanaanza Jumapili 29 Novemba 2026 na Noeli ni Ijumaa. Nafungua uzi mapema makusudi, kwa sababu mambo mengi ya Majilio nyumbani huharibika wiki ya kwanza: mishumaa haijapatikana, shada la majani na mishumaa linatengenezwa Jumatano, mtoto ameshachoka kuulizia. Tuongelee watoto wadogo tu. Waliokwisha kupata Komunyo ya kwanza wana mahitaji mengine.

Dominika (Jumapili) zenyewe ni 29 Novemba, 6, 13 na 20 Desemba. Jumla ya siku ni 26. Idadi hubadilika kila mwaka kati ya 22 na 28, maana Majilio huanza Dominika iliyo karibu zaidi na sikukuu ya Mtakatifu Andrea, 30 Novemba. Zile kalenda za dukani zenye vidirisha 24 huanza tarehe 1 Desemba ili ziuzike mwaka wowote, kwa hiyo mwaka huu siku mbili za kwanza za Majilio hazimo. Isitoshe, nyingi zina peremende kila kidirisha, na mtoto anajifunza kusherehekea kila siku badala ya kungoja.

Mnyororo wa karatasi unafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kata karatasi ya A4 kwa upana, vipande vya sentimita 3; karatasi moja inatoa vipande 9. Karatasi tatu za zambarau zinatosha, ongeza kipande kimoja cha waridi kwa ajili ya 13 Desemba na kimoja cheupe cha mwisho, 25. Andika tarehe upande wa ndani wa kila pete. Bandika kwa gundi, siyo stepla, kwa sababu pete ikichanwa pini hubaki sakafuni. Ning'iniza ili mtoto afikie pete ya chini tu. Ukiuacha usawa wa mikono yake, zitachanwa tano kwa mkupuo.

Swali langu kwa wenye uzoefu: kama familia inaweza jambo MOJA tu la kila siku, liwe lipi?

#2 katekista_mstaafu
Milele na milele, amina.

Shada. Sina wasiwasi na jibu hilo. Lina moto, lina giza, lina kungoja, na mtoto wa miaka miwili anaelewa kwamba jana palikuwa na mwanga mmoja na leo ipo miwili.

Mishumaa minne: mitatu ya zambarau, mmoja wa waridi. Wa waridi huwashwa Dominika ya TATU, Dominika ya Furaha (Gaudete), siyo ya nne. Kosa hili hurudiwa sana, watu hudhani waridi ndio wa mwisho kwa kuwa ni rangi ya furaha. Wiki ya kwanza mmoja, ya pili miwili, na kuendelea. Iliyotangulia huwashwa pia.

Majina ya mishumaa (tumaini, amani, furaha, upendo) ni mapokeo ya waumini, hayamo katika ibada yenyewe. Familia nyingine husema manabii, Bethlehemu, wachungaji, malaika. Chagueni moja, msigombane.

Nalipenda shada kwa sababu lilitengenezwa kwa ajili ya watoto tangu mwanzo. Mchungaji wa Kiluteri, Johann Hinrich Wichern, alilitundika Hamburg mwaka 1839 katika nyumba aliyolelea watoto maskini waliokuwa wakimuuliza Noeli bado siku ngapi: gurudumu lenye mishumaa midogo ya siku za kazi na minne mikubwa ya Dominika. Wakatoliki tulilipokea baadaye sana, karne ya 20.

Kulibariki: Jumamosi jioni, 28 Novemba, maana Majilio huanza na Masifu ya Jioni ya Kwanza, yaani sala ya Kanisa ya jioni ya kuamkia Dominika. Mzazi anaruhusiwa kuongoza. Ishara ya msalaba, somo fupi la Isaya 9 kuhusu watu waliokwenda gizani, sala, Baba Yetu. Mzazi husali mikono ikiwa imefumbatwa. Ile ishara ya msalaba juu ya kitu kinachobarikiwa ni ya padre au shemasi.

#3 Seremala
Naongezea upande wa ufundi, kwa kuwa watu huchukua mishumaa yoyote halafu wiki ya nne moto unagusa majani.

Piga hesabu ya mwaka huu kwa dakika 10 kila jioni. Mshumaa wa kwanza unawaka siku 26, dakika 260, yaani saa nne na dakika ishirini. Wa pili siku 19, dakika 190. Wa tatu siku 12, dakika 120. Wa nne siku 5, dakika 50. Wa kwanza unafanya kazi zaidi ya mara tano ya wa mwisho. Mshumaa mwembamba wa unene wa sentimita 2 hupungua sentimita 2.5 hadi 3 kwa saa, hivyo wa kwanza utapoteza kama sentimita 13. Ukinunua wa sentimita 15 umekwisha, unahitaji 25. Tofauti hiyo ya urefu usiisawazishe kwa kubadilishana mishumaa. Watoto wanapenda kuiona ile ngazi na wanajua kila mmoja umengoja muda gani.

Kitako: sinia ya bati au ya udongo, kipenyo sentimita 35 hivi, yenye ukingo. Mchanga sentimita 5. Chomeka kila mshumaa sentimita 4 ndani ya mchanga (zitoe kwenye hesabu ya urefu). Kati ya mshumaa na mwenzake ziwe sentimita 15 au zaidi. Ikikaribiana, joto la mmoja hulainisha ubavu wa jirani, nta inamwagika upande mmoja na mshumaa unainama.

Majani mabichi yachomeke kwenye mchanga uliolowanishwa, hukaa mabichi muda mrefu zaidi. Yabadilishe kila Jumamosi. Jani likikunjwa na kukatika kwa mlio, limekauka, liondoke siku hiyohiyo. Ncha za majani ziwe chini ya usawa wa moto wa mshumaa mfupi kuliko wote, na huo mfupi ni wa kwanza, siyo ule unaoutazama.

Hakuna mishumaa ya rangi? Tumia myeupe, weka rangi kwenye mchanga: vipande vya kitambaa cha zambarau na cha waridi kuzunguka kitako, kisha majani juu. Usifunge utepe kwenye mwili wa mshumaa. Moto ukishuka hadi pale, utepe unashika kama utambi wa pili.

#4 muuguzi_watoto
Naomba nikazie usalama, mengine nitawaachia.

Moto: shada likae juu ya meza isiyo na kitambaa kinachoning'inia, maana mtoto wa mwaka mmoja huvuta kitambaa ili asimame. Pazia, karatasi na mapambo vikae mbali, sentimita 30 au zaidi. Utambi ukatwe ubaki nusu sentimita. Ukiwa mrefu, moto hurefuka na kutoa masizi. Kuzima msipulize, nta ya moto huruka usoni kwa mtoto aliyesogea kupuliza. Tumieni kifuniko kidogo cha chuma chenye mpini. Hata mtoto wa miaka minne anaweza kukifunika akishikwa mkono.

Wengi wenye watoto wadogo hukimbilia mishumaa ya betri wakidhani ndiyo salama. Ni salama kwa moto. Lakini mingi hutumia betri bapa za mviringo, na hizo ni hatari kubwa kuliko mshumaa: ikimezwa na kukwama kooni huunguza nyama ndani ya saa mbili. Nunua ile ambayo kifuniko cha betri hufungwa kwa skrubu. Ukihisi tu kwamba mtoto amemeza, hospitali papo hapo, usimtapishe, usingoje dalili.

Sanamu za pango (mfano wa mahali alipozaliwa Yesu) nazo: kinachopenya kwenye bomba la katikati la karatasi ya chooni ni kidogo mno kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Mara nyingi Mtoto Yesu ndiye mdogo kuliko wote.

#5 Kandili
Asante dada. Sasa sala yenyewe. Watu wanaanza na rozari nzima, siku ya tatu watoto wamelala chini ya meza.

#6 Mwalimu_UtotoMtakatifu
Umri ndio uamue. Miaka 2 na 3: dakika mbili. Miaka 4 hadi 6: dakika tano. Kuanzia 7 unaweza kufika kumi, na yeye ndiye asome. Afadhali watoto wabaki na hamu kuliko wabaki wamechoka.

Mtiririko: zima taa za umeme KWANZA. Wakae kimya gizani kwa pumzi tano au sita. Halafu washa. Wengi huwasha mshumaa chini ya taa ya umeme na kushangaa kwa nini watoto hawavutiwi. Baada ya hapo sentensi moja ya Injili, kiitikio kimoja cha wimbo (uleule wiki nzima, ndipo wadogo waushike), Baba Yetu au Salamu Maria, kuzima. Mpeni kila mtoto kazi: mmoja swichi, mmoja kifuniko cha kuzimia, mmoja pete ya mnyororo. Zamu zibadilike Dominika, siyo kila siku. Zamu za kila siku ndizo zinazoleta ugomvi, kwa kuwa hakuna anayekumbuka jana ilikuwa ya nani.

Dominika za mwaka huu ni za Mwaka B, wa pili katika mzunguko wa masomo wa miaka mitatu:

29 Novemba, Marko 13:33-37. Chukua neno moja tu, "kesheni". Bawabu anayengoja mlangoni mtoto anamwelewa vizuri.
6 Desemba, Marko 1:1-8. Sauti nyikani, Yohane Mbatizaji.
13 Desemba, Yohane 1:6-8 na 19-28. Yohane siye mwanga, anauelekezea mwanga. Mwambie mtoto aunyooshee mshumaa kidole.
20 Desemba, Luka 1:26-38. Malaika Gabrieli kwa Bikira Maria. Hapa usifupishe, wanaweza kusikiliza yote.

Tarehe 17 hadi 23 Desemba Kanisa lina antifona (viitikio vifupi) saba za Masifu ya Jioni zinazoanza na "Ee": Hekima, Adonai, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Macheo, Mfalme wa Mataifa, Emanueli. Kwa mtoto hizi ni picha zilizo tayari. Kadi saba za sentimita 8 kwa 8, achore ufunguo, jua linachomoza, taji, chipukizi juu ya kisiki. Kadi moja kila jioni kando ya shada. Adonai huwasumbua wengi: chora kichaka kinachowaka, maana antifona yenyewe inamtaja Musa na kichaka.

Na mtoto wa miaka mitano ATAULIZA: Yesu anazaliwa tena? Jibu lake ni hapana, na limwambieni wazi. Alizaliwa mara moja, Bethlehemu, zamani. Tunakumbuka siku hiyo kwa furaha. Yupo nasi sasa. Na atarudi kwa utukufu. Ukimwambia "Mtoto Yesu anakuja Ijumaa" bila maelezo, anamwona Yesu kama mgeni anayekuja na kuondoka. Ndiyo maana pia masomo ya mwanzo wa Majilio yanahusu ujio wa pili, halafu kuanzia 17 Desemba yanageukia kuzaliwa.

#7 njia_ya_nyota
Hapo umegusa jambo ambalo nyumba nyingi hulirukia. Pango linawekwa lini? Mimi nasema 24 Desemba jioni na si kabla. Likikaa wiki nne, siku yenyewe halina jipya.

#8 Mwalimu_UtotoMtakatifu
Kwa mtu mzima nakubali. Kwa mtoto wa miaka mitatu kitu kinachotokea usiku mmoja tu, tena akiwa na usingizi, hakina mizizi. Lijengwe kidogo kidogo. Dominika ya kwanza: banda tupu na wanyama. Wiki ya pili: hori. Maria na Yosefu waanze upande wa mbali wa chumba na wasogee kila siku hatua moja, dirishani, juu ya kabati, wafike 24 jioni. Mtoto Yesu usiku huo au asubuhi ya 25. Wachungaji 25. Mamajusi waanzie kona nyingine kabisa na wafike Epifania, sikukuu ya kufika kwao kwa Yesu. Mtakatifu Fransisko alipoandaa lile pango la Greccio mwaka 1223 palikuwa na hori, nyasi, ng'ombe na punda. Hori tupu lina heshima yake.

Jambo la kukagua leo, siyo 24: kwenye seti nyingi Mtoto Yesu ameunganishwa na hori lake, hatoki. Kama ndivyo, ondoa vyote viwili na utumie boksi dogo kama hori la kungojea. Kama anatoka, mtie kwenye bahasha, andika juu, ibandike nyuma ya msalaba au picha takatifu ya nyumbani. Sanamu hii hupotea kuliko zote, na hugundulika saa mbili usiku wa mkesha.

Kama seti ni ya udongo, iweke juu, na wadogo wapewe ya pili ya mbao au kitambaa waisogeze wenyewe. Akimlaza Yosefu juu ya punda, muache.

#9 njia_ya_nyota
Banda tupu kuanzia Dominika ya kwanza, nakubali. Hilo halimwondolei mtoto usiku wa 24. Bado nasimama kwamba malaika na nyota wasubiri.

#10 Mwalimu_UtotoMtakatifu
Sawa kabisa, malaika wasubiri.

#11 katekista_mstaafu
Hilo boksi la kungojea ndilo la kuwekea nyasi za matendo mema. Boksi la sentimita 20 kwa 12 linatosha. Nyasi kavu zikatwe sentimita 10. Kama kuna mtoto mwenye pumu au mafua ya vumbi, tumia karatasi ya njano iliyokatwa vipande vyembamba. Kila tendo la upendo, unyasi mmoja, ili Mtoto Yesu alale pazuri.

Ni zoezi zuri sana na ni rahisi sana kuliharibu, kwa hiyo sikilizeni.

Hori liwe MOJA la familia nzima. Ukimpa kila mtoto lake, wiki ya pili ni mashindano, na yule mdogo anaiba nyasi za kaka yake. Nyasi zikae kwenye kikapu wazi, mtu achukue na kuweka bila kutangaza, na wazazi wasiulize "umeweka ngapi?" Swali hilo moja linageuza upendo kuwa hesabu. Usitoe unyasi kama adhabu, hata siku mbaya kiasi gani. Kilichotolewa kwa Yesu kimetolewa.

Mtoto wa miaka mitatu au minne hawezi kubuni tendo, atakuja na "nimekuwa mzuri". Asubuhi mpe moja linaloonekana: mwachie mdogo wako achague kwanza, pelekea bibi maji, okota viatu vilivyo mlangoni. Jioni kabla ya shada mkumbushe kimya kimya. Na wazazi nao waweke, waonekane wakiweka. Baba akimwomba mama msamaha mbele ya watoto kisha akaenda kuchukua unyasi, hakuna katekesi inayozidi hapo.

Hori lisipojaa ifikapo 23, lisijazwe usiku kwa siri. Nyasi kumi zinamtosha.

#12 Kandili
Na Baba Noeli?

#13 katekista_mstaafu
Tarehe 6 Desemba ni kumbukumbu ya Mtakatifu Nikolao, Askofu wa Myra. Mwaka huu inaangukia Dominika, na Dominika ndiyo hutawala kanisani, lakini nyumbani mnaweza kumtaja. Mweleze mtoto kwamba ni mtu wa kweli, askofu, aliyewapa wahitaji kwa siri, na sasa yuko mbinguni akituombea. Mtoto anayemjua Nikolao hana haja ya kudanganywa, na akimwona mzee wa ndevu nyeupe mahali anajua ametokana na nani. Mwonye tu asiwakosoe watoto wa wengine.

Tarehe 8 ni Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, Jumanne. Weka ua mbele ya picha yake. Inatosha.

#14 mpiga_kinanda
Misa. Noeli ina Misa nne na kila moja ina Injili yake, chagueni kwa kuangalia mtoto. Mkesha: Mathayo 1, nasaba ndefu ya majina (upo ufupisho, kuanzia mstari wa 18). Usiku: Luka 2:1-14, kuzaliwa na malaika. Alfajiri: Luka 2:15-20, wachungaji wanakwenda Bethlehemu. Mchana: Yohane 1, Neno alikuwako mwanzo. Mtoto wa chini ya miaka sita hufaidi Misa ya alfajiri kuliko zote: amelala, ameamka, na hadithi ni ya watu wanaokwenda mbio kumwona mtoto. Kama parokia yenu haina, nendeni ya mchana na msome Luka 2 nyumbani kabla ya kutoka.

Mkienda Misa ya usiku, mtoto alale mchana kwa muda wa saa mbili au zaidi. Fikeni nusu saa kabla mpate benchi la mbele pembeni. Nyuma haoni kitu, na asiyeona huanza kuzungumza. Mfundisheni mapema jambo moja la kusikiliza: "Utukufu kwa Mungu juu". Dominika zote za Majilio hauimbwi, na usiku huo unarudi. Mtoto aliyeambiwa asubiri wimbo huo hutulia akiungojea. Baada ya Misa mpelekeni penye pango la kanisa, hata kama foleni ni ndefu.

Na kwa kuwa mtaulizwa: Noeli mwaka huu ni Ijumaa, lakini ni sherehe, hivyo ule wajibu wa Ijumaa wa kuacha nyama haupo siku hiyo.

#15 njia_ya_nyota
Naomba tusimalizie 25. Kinachonisikitisha ni kuona mapambo yanashushwa 26, wakati sherehe ndiyo kwanza ina siku moja. Oktava, yaani siku nane za Noeli, ni hadi 1 Januari, na Kipindi cha Noeli kinaendelea hadi Ubatizo wa Bwana, ambao safari hii ni Dominika 10 Januari 2027.

Shada: ondoeni mishumaa ya zambarau na waridi, wekeni mmoja mkubwa mweupe katikati, uwashwe kila jioni hadi siku hiyo. Saa ileile, mtiririko uleule. Zawadi zisifunguliwe zote 25. Mtoto akifungua saba kwa mkupuo, kufikia ya nne hatazami tena. Gawanyeni siku za Oktava.

26 Mtakatifu Stefano. 27 mwaka huu ni Dominika, Familia Takatifu: familia ipige magoti mbele ya pango. 28 Watoto Mashahidi: wazazi wawabariki watoto, ishara ya msalaba kwenye paji la uso na jina la mtoto. Kisa cha Herode kwa walio chini ya miaka sita kielezwe kwa sentensi mbili, kwamba mfalme mbaya aliwaua watoto wa Bethlehemu na kwamba wako na Yesu sasa. 1 Januari, Maria Mama wa Mungu. Mamajusi wafike 6 Januari, au Dominika 3 pale ambapo Epifania huhamishiwa Dominika.

#16 Kandili
Nimenakili yote. Swali la mwisho: Majilio yakiwa mafupi, ile wiki ya nne inakuwaje?

#17 katekista_mstaafu
Utaliona mwaka 2028. Majilio yataanza 3 Desemba, na Dominika ya nne ni 24 Desemba yenyewe, siku 22 tu. Mshumaa wa nne uwasheni Jumamosi jioni tarehe 23, la sivyo utawaka asubuhi moja tu. Na mpange Misa mapema, kwa sababu wajibu ni miwili, wa Dominika na wa Noeli. Misa ya 24 jioni inatimiza mmojawapo, haitimizi yote miwili. Kwa wenye watoto wadogo, Jumamosi jioni kwa Dominika, Jumatatu alfajiri kwa Noeli, na Jumapili kutwa wapumzike.